Foleni ya Shangazi

Shangazi aliweka pasi pembeni, akamsomea mpwa wake swali la usaili wa utumishi wa umma kwa sauti ya kibosi. "Ndugu yako amekuja ofisini kwako, anataka kuruka foleni. Utafanyaje?"

"Atapanga foleni kama wengine," binti alijibu bila kusita.

Shangazi akanuna. "Yaani mimi niliyekulea, na magoti haya, unisimamishe?"

Binti alibabaika. "Nitakuletea kiti, shangazi."

"Na wazee wengine je?"

Hapo binti alifikiri, kisha akacheka. "Basi nitaomba mabenchi ya wazee wote, wahudumiwe kwanza, wawe ndugu zangu au wasiwe."

"Sasa umejibu," shangazi alisema, uso umemchangamka. "Haya, swali la pili."