Miaka Miwili ya Kukisafisha Chumba

Wenye nyumba sita walishakataa kabla chai ya Mama Kuwabara haijapoa. Dalali Shirouzu alipiga simu mbele yake bila haya, na kila mara sauti ya upande wa pili ilikuwa tamu mpaka alipotaja umri: sabini na nne, anaishi peke yake. Hawakuogopa kukosa kodi. Waliogopa maiti, maana chumba alichofia mtu peke yake hakipangishwi tena ila kwa nusu bei.

Shirouzu alimshauri ahamie Ome, huko mwisho wa reli, ambako vyumba vitupu viko tele. Mama Kuwabara akakataa. Mumewe alikuwa kwenye nyumba ya wazee hapa hapa Nakano, na tangu apigwe na kiharusi hakukubali kulishwa na mtu mwingine. Kila mchana yeye ndiye aliyemlisha uji. Na nyumba walimokaa miaka thelathini ilikuwa ibomolewe mwisho wa mwezi.

"Kipo kimoja, mama. Dakika tano kwa miguu hadi kwa mumeo," Shirouzu alisema. "Ila lazima nikwambie, mzee mmoja alifia humo. Alikutwa baada ya wiki tatu. Nusu bei, miaka miwili tu."

Hakuuliza kwa nini miwili; alijua. Miaka ikishapita, mpangaji atakayefuata haambiwi kitu, na analipa bei kamili. Walimtaka akisafishe chumba kwa kukaa tu. Hasira ilimpanda, lakini alitoa mkobani muhuri wa jina lake, akaugonga kwenye mkataba badala ya sahihi.

Mwenye nyumba akaomba kuongea naye kwa simu.

"Bibi, kila siku saa moja asubuhi nitakupigia. Usipopokea, Shirouzu anafungua mlango."

"Asante kwa kunijali, bwana."

"Sakafu ile nimeshaibadilisha mara moja. Ukijisikia vibaya, toka. Nenda hospitali, kaa barabarani, popote. Humo ndani hapana."

Alihamia. Wiki ya tatu, alfajiri ya Januari, kifua kilimbana akashindwa kuvuta pumzi. Hakuita gari la wagonjwa kwanza. Alivaa viatu, akashuka ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato, akakaa kando ya barabara kwenye barafu, simu mkononi. Alikuwa akimuwaza mumewe na uji wake wa mchana.

Saa moja simu ikaita.

"Bibi, uko wapi?"

"Niko nje, bwana."

"Vizuri sana," alisema mwenye nyumba, akakata.