Nilimkunjisha Mwanangu Uso

Maneno yalianzia kwa fundi cherehani, nami nikashindwa kuyatema. "Mama, sisemi kwa ubaya," aliniambia, pini ziko mdomoni, "lakini binti yako kila asubuhi yuko dirishani anacheka na yule mwashi. Mume wa mtu! Wanacheka mpaka jamaa anashika ukuta."

Binti yangu anagawa dawa kwenye dirisha la zahanati. Jioni nikamkalisha.

"Mnacheka nini na mwashi?"

"Mambo ya kazi, mama."

"Kazi gani ya kuchekesha waume za watu?"

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Au unaona wivu? Nikuchekeshe na wewe?"

Nikaona ananizungusha. Tangu mdogo watu humwita mkunjufu. Mimi ni dobi, kutwa nakunja na kukunjua mashuka ya wateja, na marehemu mama, aliyefua kabla yangu, alinifundisha kwamba neno hilo limetoka papo hapo mezani petu. Mkunjufu ni mtu aliyekunjuka, hana pindo la kufichia kitu. Shuka lililokunjwa linapendeza kabatini, alisema, ila halimfuniki mtu. Niliyajua hayo yote, na bado nikamwambia mwanangu, "Kunja uso. Aliyekunjuka hukanyagwa na kila apitaye."

Hakukunja. Basi nikaenda kwa matroni, tuliyesoma naye mpaka la saba, nikamwomba amhamishie stoo. Nilidanganya. Nilisema upepo wa dirishani unamuumiza mtoto kifua. Matroni akaniamini, binti asijue kitu.

Wiki ya tano mke wa mwashi akaniletea mashuka. Yalikuwa na damu.

"Vaa glavu, dada," akasema. Akaketi juu ya kapu la nguo, akaanza kulia. Mumewe ana kifua kikuu. Alitakiwa kumeza vidonge mbele ya mhudumu kila asubuhi, miezi sita, na vilikuwa vinamchafua tumbo.

"Yule binti wa kwanza alikuwa mkunjufu, Mungu ambariki. Alikuwa akimwambia, 'Mwashi, ukuta haupandi kwa kutazamwa, meza!' Mume wangu anacheka, kidonge kimeshapita. Huyu wa sasa amekunja uso, anamsukumia vidonge kama analisha kuku. Akaona aibu, akaacha kwenda. Ilibaki miezi miwili tu, dada yangu."

Nilimpa maji. Nikayaloweka mashuka.

Nilikwenda kwa matroni mikono ikiwa bado na povu, nikasema ukweli. Akafungua daftari la zamu. "Dirishani namrudisha kesho. Mwashi anaanza upya, na safari hii hatuna hakika kama atapona. Binti yako utamwambia mwenyewe."

Nikamwambia.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mwanangu. Nisamehe."

"Nimesikia, mama."

Sasa yuko dirishani. Mwashi huja ameshikwa mkono na mkewe, anameza, anaondoka. Kicheko hakuna. Nyumbani mwanangu ananiamkia vizuri, ananiuliza kama nimekula. Hanitanii tena.

Ndiyo maana nimeandika, ingawa mkono wangu si wa kuandika. Ninyi wenye mabinti, epukeni haya:

Kubeba neno la mtu mpaka nyumbani kabla ya kuuliza yeye kalitoa wapi.

Kumbana mtoto akutolee siri za watu anaowahudumia.

Kwenda kwa mkubwa wake wa kazi kwa mlango wa nyuma.

Kumsingizia mtoto ugonjwa. Mimi nilitaja kifua, na kifua cha mtu kweli kikaumia.

Kudhani mwanamke akicheka na mwanamume lazima kuna jambo.

Kumwambia mtoto mkunjufu akunje uso. Atakutii siku usiyotaka.

Kunyamaza mbele ya mke wa mgonjwa. Kila wiki analeta mashuka, ananiita dada, nami bado sijamwambia.