Ndama wa Kiwandani

...na kalamu ya karani Niyonshuti bado iko hewani, haijashuka, Vénantie anaitazama kama kuku anavyotazama kisu, nje mashine ya kukoboa mpunga inanguruma vilevile, pumba zinaingia dirishani, joto la Bugarama limemkaba shingo, "Maman Joselyne, unisikilize muzuri," karani anamwambia Vénantie, mpole mpaka anaudhi, "ukiacha kazi leo unabeba yako tu, ile tulikuwa tunakata ku mushahara, ile usine iliongeza inabakia, mpaka muntu atimize miaka tano," anajua, nani asiyejua, kila mwezi wanakata kidogo kabla mshahara haujafika mkononi, kiwanda kinaweka na chake kiasi kilekile, vyote vinakwenda benki vizaane mpaka uzee, chako ni chako hata ukifukuzwa, cha kiwanda kinakuwa chako mwaka wa tano ukitimia, na yeye yuko wa nne, mavuno haya na yajayo tu, basi... siku walipoelezwa mara ya kwanza wanawake wa kupepeta walikodoa macho, ndipo mmoja wao, Mukarugwiza, akaangua kicheko, "Si ni ng'ombe ya kuchungishwa hii! Kazi ni ng'ombe ya tajiri, unaichunga, ndama yako inakuya nyuma, ukirudisha ng'ombe mbele ya wakati unaenda mikono mitupu!" wote wakaelewa papo hapo, na tangu siku hiyo Vénantie ana ndama wake, anamwona usiku akifumba macho, ndama wa kumjengea mama chumba kule Nyakarenzo, chenye dirisha, mama avuke kutoka Kongo aje apumzike, kumbe mama naye... Nabintu, jirani wa mama kule Bukavu, anavuka daraja na vitenge vyake kila alhamisi, asubuhi hii hata mzigo hajautua, "Mama yako haamuke tena, juzi ameanguka, anakatala kuvuka, anasema mzee wake amelala ku kaburi kule Bukavu, hawezi kumuacha peke yake... anaita tu jina yako," jina lake, wala si la kaka, si la mchungaji wa kanisa, na daraja la Ruzizi leo li wazi, kesho nani ajuaye, tangu vita hii ya pili ya Kongo iwake mtu analala na mpaka anaamka na ukuta, "Na congé, siku kidogo tu za kupumzika?" anajisikia akiuliza, sauti ya mtoto aliyevunja chungu, "Congé hakuna, Maman, ni mavuno, patron alishakatala," na laiti Niyonshuti angekuwa mwizi! ingekuwa rahisi, angemtukana akaondoka zake, lakini si mwizi, pesa ipo, mzee Harerimana alipostaafu alipewa yote na mabati yake yanang'aa hadi barabarani, hiyo ndiyo kamba yenyewe, kamba nzuri, iliyosokotwa vizuri... baba naye alikatwa hivihivi, shamba la kwinini kule Kongo, ujana wote, alikataa kazi ya Goma, alikataa ya Uvira, "pansiyo yangu, pansiyo yangu," siku ya kulipwa akarudi na mfuko umejaa noti za zaire, pesa ya enzi zile, akaenda nao sokoni akarudi na sabuni na sambaza, visamaki vya ziwani, basi, noti zilizobaki mama alizikunja akaziba tundu la ukuta upande wa kitanda, upepo ukakoma, baba akacheka mpaka akalia, wao watoto wakadhani ni kicheko tu, lakini hizi zake si zaire, ni faranga za Rwanda, zina nguvu, msimu mmoja tu na kidogo, mama ni mgumu, mama alizaa shambani akarudi na kuni, atangoja... atangoja? na baba, baba akiwa na pumzi za mwisho alisema nini, hakutaja pansiyo, hakutaja hata noti za ukutani, alimshika kifundo cha mkono, "Vénantie, mama yako ninakuachia, umuchunge," naye akaitika, "Ndiyo, papa," neno zito, neno la kupokea ng'ombe, na aliyepokea ng'ombe akifiwa naye hubeba ngozi akampelekea mwenyewe, aone hakumla, aone alikesha naye, na mama akifia kwenye chumba kile chenye tundu, huku yeye anapepeta mchele wa watu, atampelekea baba nini, mabati? Mungu wangu, anamchunga ndama wa kiwanda na ng'ombe wa baba yuko porini peke yake, anauona mchanga wa kujengea kile chumba, dirisha ambalo halitafunguliwa na mtu, kwaheri ndama, nilikupenda... "Sasa, Maman," anasema Niyonshuti, kalamu bado iko hewani, "tunaandika nini?" na mashine inanguruma, na pumba zinaingia, na Vénantie anafungua taratibu fundo la kitambaa alichojifunga kuzuia vumbi, kwa sababu kwa mama haingii na vumbi la kazini.