Herufi Yenye Mkia

Jiwe la kaburi la Sinuk lilifika asubuhi ileile ya kulisimamisha, wageni wameshajaa uani na bia ya nyumbani inachujwa. Ilempi alilivua turubai mwenyewe, akitaka baba yake awe wa kwanza kuliona. Lilikuwa jiwe zuri mno. Ila jina la mama yake lilianza na ua.

Si ua la pembeni. Lilikuwa limekaa mahali pa herufi ya kwanza, ndani ya kijisanduku, kama maua yale wanayodarizi akina mama wa Kichuvashi, kabila lao huko Urusi. Baada yake ndipo lilipofuata jina, limekatwa kichwa.

Mzee Kirkuri, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alipapasa kwa vidole. Akarudi mwanzo, akapapasa tena.

"Mwanangu, mama yako yuko wapi hapa?"

"Jamani," jirani yao Ukahvi akadakia, "tunamsimamishia Sinuk jiwe au kitambaa cha meza?"

Ilempi alikuwa ameshampigia simu Genadi, mchongaji wa mjini.

"Dada, kosa langu lipi?" Genadi akafoka. "Faili la jina ulilonitumia limefunguka na kisanduku kitupu mbele ya jina. Ninyi Wachuvashi kila jiwe mnataka nakshi, nikajua hapo ndipo pa ua. Tena nilikurudishia faili ulikague, ukasema sawa!"

Ni kweli alisema sawa. Alilifungua kwenye simu yake, na simu yake inayo herufi ile ya mwanzo wa jina, S ya Kichuvashi yenye mkia chini. Kinachouma ni kwamba kompyuta ndizo zinazomlisha. Alijua fika kwamba faili halibebi umbo la herufi. Linabeba namba yake tu, na kila mashine hulitafuta umbo katika akiba yake yenyewe. Ikilikosa, huchora kisanduku kitupu. Mashine ya Genadi ililikosa. Baba yake alikuwa amemsihi amwandikie mchongaji jina kwa kalamu, naye akamcheka.

"Ungeniambia, ningeweka S ya kawaida," Genadi akasema, sasa kwa upole. "Nani angeona?"

Mama angeona. Maisha yake yote makarani walimwandika Zinaida, kwa Kirusi, na wale wachache waliokubali Sinuk waliukata mkia. Siku za mwisho alimng'ang'ania Ilempi mkono: "Niandikeni nilivyoitwa na mama yangu. Tena juu ya jiwe. Ubao huoza." Ilempi akaapa.

"Baba, tuahirishe," alisema. "Genadi atalisaga jiwe, achonge upya."

"Ardhi inaanza kuganda. Unataka mama yako akae mlangoni kwa wafu mpaka theluji iyeyuke? Bila jiwe au nguzo kusimama kaburini, wafu wenzake hawampokei. Unalijua hilo."

Alilijua. Mzee aliingia ghalani, akatoka akiburuta nguzo ya mwaloni. Alikuwa ameichonga kimyakimya tangu kiangazi, kwa mila ya wazee wake, na Ilempi alipoiona aliiita kuni. Jina lilikuwepo, limechongwa kwa kisu, herufi zimeyumbayumba.

"Mkia sijauweka," mzee akasema, akimpa kisu. "Niliogopa kuharibu. Uweke wewe."

Ilempi akapiga magoti mbele ya wageni. Hasira yake yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Mti ulikuwa mgumu, kisu kikateleza, akarudia, akakata mkia chini ya ile S, kwa kina zaidi kuliko ilivyohitajika, machozi yakimdondokea mikononi. "Nisamehe, mama," akasema kwa sauti. "Si jiwe."

Mzee Kirkuri akainama, akaupapasa mkia kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Sasa ndiye," akasema. "Utaoza mti huu, mwanangu. Ukioza, mimi sitakuwepo. Uje uchonge mwingine."