Mlango wa Dhwadi

Herufi ile iliponyoka siku ya Alhamisi, katika sala ya magharibi, na Athmani aliyekuwa safu ya kwanza aliisikia ikiponyoka. Maalim Seifu alikuwa akisoma Alhamdu kama alivyoisoma msikitini Kinondo kwa miaka kumi na minane. Alipofika mwisho, kwenye waladhwaalin, ile dhwadi yake nzito, herufi ambayo watu wa kijiji cha Bodo walikuwa wakija kuisikiliza, ilitoka nyepesi, imelowa, kama ya mtu mwenye tonge kinywani. Safu zikaitikia amina. Athmani akachelewa kuitikia.

Mwaka mmoja nyuma asingeisikia. Yeye alikuwa mkausha mbata za nazi, umri wake arubaini na moja, na utotoni hakuwahi kuketi chuoni kusoma Kurani. Lakini tangu mwezi wa mfunguo mosi wa mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa akienda kwa Maalim kila jioni, baina ya magharibi na isha, pamoja na watu wazima wengine watatu. Huko walifundishwa kwamba kila herufi ina mlango wake: hii hutoka chini ya koo, hii juu yake, hii midomoni, hii puani. Maalim aliwapa kioo cha kunyolea wavitazame vinywa vyao. Dhwadi, aliwaambia, mlango wake ni wa shida. Ubavu wa ulimi sharti uegemee magego ya juu, uyabane, ndipo sauti ipite, na wengi wetu huipitisha upande wa kushoto. Athmani aliifanyia mazoezi mbele ya chanja la mbata mpaka Mwanapili, mkewe, akatoka kuangalia ng'ombe wa nani ameingia uani.

Tangu Alhamisi ile akawa mtu wa kuchungua. Aliona Maalim amepunguza maneno, na akisema hujiziba kinywa kwa ncha ya kilemba. Aliposogea kumpa mkono alinusa karafuu, nyingi. Ijumaa alasiri akamwona Chirau akitokea mlango wa uani wa Maalim, kibuyu kitupu kimening'inia begani. Chirau alikuwa mgema, na hakuna aliyewahi kumwona akipeleka kitu kingine mlangoni kwa mtu isipokuwa tembo la mnazi.

Athmani aliomba maghufira kwa dhana yake mbaya. Aliomba sana, na kila alipoinuka kwenye mswala aliikuta dhana imekaa palepale ikimngoja. Mwisho akaanza kuzirudia sala zake nyumbani.

"Umetoka msikitini sasa hivi," Mwanapili alimwambia. "Au mwenzetu umeongezewa faradhi?"

Hakumjibu mkewe, lakini alimjibu Kombe, muuza samaki wa ng'onda, aliyemuuliza barazani kilichomkondesha. Kombe alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Ulimi mzito, karafuu, na Chirau mlango wa uani," alisema. "Sasa unangoja nini, bwana? Malaika ashuke akuandikie?"

Kufikia Jumatatu safu ya tatu yote ilikuwa ikisali mara mbili. Jumatano wazee wa msikiti wakakubaliana kwamba kesho yake, kabla ya magharibi, Maalim ataambiwa mbele ya watu aache kusalisha kwa sababu ya ulevi, na Athmani ndiye atakayetoa ushahidi, maana ndiye aliyesikia mwanzo. Usiku huo hakula. Kama ni kweli, sala za watu wazima na watoto zilikuwa shingoni mwa mlevi. Kama si kweli, zilikuwa shingoni mwake yeye.

Alhamisi baada ya alasiri akaenda kupiga hodi.

Maalim alikuwa ameinamia beseni, akisukutua. Kibuyu kilikuwa kando yake. Athmani alimwamkia shikamoo, hata marahaba hakuingoja, akakinyanyua kibuyu na kukinusa. Ukali ukampanda puani hadi machozi yakamtoka.

"Lilikuwa tembo," alisema Maalim. "Sasa ni siki. Nasukutulia na chumvi."

Akafungua kinywa, akageukia mwanga. Upande wa kushoto, juu, ufizi ulikuwa na mashimo matatu yaliyovilia damu. Alikuwa amevuka kivuko kwenda kung'olewa magego Mombasa, na hakumwambia mtu.

"Dhwadi yangu ilikaa hapo," alisema. "Nilidhani nitaihamishia kulia kwa wiki moja. Ulimi umekataa. Ni mzee, haujui njia."

Athmani alimuuliza kwa nini alificha. Maalim akajibu kwamba wangemwambia apumzike, na alijua watu wakishakupumzisha hawakurudishi.

"Dhana hiyo umemwambia nani?" Maalim aliuliza.

"Kombe."

"Basi umeiambia Kwale nzima."

Athmani akapiga magoti kuomba radhi, na Maalim akamshika bega.

"Tembo umenisingizia, na nimekusamehe. Herufi ni yangu. Nimewasalisha watu nikijua."

Jioni ile Maalim hakungoja wazee waseme. Alisimama akawaeleza, akafungua kinywa mbele ya taa, wakapita mmoja mmoja kutazama. Kombe alitazama kuliko wote, kama mtu anayenunua punda. Kisha Maalim akamshika Athmani mkono, akamsogeza kiblani.

"Aliyelisikia kosa ndiye ajuaye pa kuliepuka," alisema, akarudi kusimama safuni.

Athmani akahirimia. Nyuma yake kulikuwa kimya kisicho na hata kikohozi, kimya cha watu waliotega masikio. Alisoma polepole. Alipofika waladhwaalin akaulaza ubavu wa ulimi kwenye magego, akabana, akaachia, na yeye mwenyewe hakuweza kujua kama herufi imetoka ilivyopasa.

Baada ya salamu aligeuka kuwaelekea maamuma kama ilivyo ada. Maalim alikuwa ameinamia tasbihi, kinywa amekiziba. Athmani akazitazama nyuso moja baada ya moja, akitafuta ni nani atakayekwenda kuirudia sala nyumbani. Hakumpata, kwa hiyo akawashuku wote.