Tembo Mwenye Adabu

Jairo aligonga zege kwa fimbo yenye ndoano ya chuma, akapaza sauti: "Salimia wageni!" Tembo alisita. Akaukunja mguu wa mbele wa kushoto, kisha wa kulia, akashuka polepole huku pumzi zikimtoka kwa kishindo, mpaka magoti yote mawili yakatua kwenye sakafu iliyotota maji. Hapo watoto waliobebwa mabegani mwa baba zao wakaitikia kwa pamoja, kwa furaha isiyo na kifani: "Marahabaaa!"

Andongwisye alikuwa nyuma, kwenye kibanda cha chakula, akikatakata migomba. Neno lile halikuacha kumchoma. Mtoto wa chekechea, hata meno hayajamtoka yote, anamwitikia mzee marahaba! Nyumbani kwao Ibighi mtoto wa namna hiyo angezabwa kofi na mtu yeyote aliye karibu, na mama yake angesema asante. Hapa watu walilipa kiingilio ili waje wamfundishe upuuzi huo, wakapiga na picha.

Jumamosi ile tembo hakuinuka. Alijaribu mara ya kwanza akashindwa, akajaribu tena, ngozi ya mapaja ikamtetemeka. Wageni walisubiri kidogo, wakachoka, wakaenda kuwatazama nyani. Jairo na vibarua wakamsukuma kwa magogo, na Andongwisye akamshikia kipande cha mgomba juu ya uso, akimbembeleza kama anayemwita ng'ombe mgonjwa. Alipofanikiwa kusimama aliuegemea ukuta, na akabaki ameuegemea hadi jioni.

Bustani ile ya wanyama iko juu kidogo ya Msasani ya Tukuyu, mahali ambapo ukungu huingia bila hodi na kukaa upendavyo. Mwenyewe ni Amoni, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na tumbo, na gari, na mawazo mengi. Tembo alimnunua kwenye bustani ya jiji moja iliyofungwa, ambako alikuwa amefundishwa kupiga magoti tangu akiwa ndama. La kumfanya awasalimie watu lilikuwa wazo la Amoni mwenyewe, na alilijivunia kuliko watoto wake. Barabarani alisimamisha bango kubwa: NJOO UMWONE TEMBO MWENYE ADABU.

Jumatatu alikuja Daktari Suad, mtabibu wa mifugo kutoka Mbeya. Akakagua nyayo zilizooza kwa unyevu, akayapapasa magoti yaliyovimba, akatikisa kichwa.

"Magoti yamekwisha," alimwambia Amoni mbele ya wafanyakazi wote. "Akishuka tena, huenda asiinuke. Na tembo akilala chini muda mrefu, uzito wake mwenyewe humbana mapafu. Atakufa palepale alipo."

Amoni alimshukuru kwa maneno matamu. Alipokwenda kumtafutia mkungu wa ndizi wa kumfungia safari, Andongwisye akamsogelea daktari, akauliza mnyama yule ana umri gani.

"Anakaribia sitini. Ni mkubwa kwako, mama."

Andongwisye alikuwa na hamsini na mbili. Tangu siku ile, kila alipompelekea migomba, alimwita dada.

Amoni naye, gari la daktari lilipopotea tu kwenye kona, aliagiza bango lipakwe rangi upya. Jumapili iliyokuwa ikija angefungua mgahawa wake mpya. Mgeni rasmi alikuwa anatoka Dar es Salaam, na kwaya ya kina mama wa Ibighi ilikwisha kualikwa. Jairo aliambiwa kwamba safari hii tembo apige magoti na abaki hivyo hivyo, mpaka wageni wote wapate kupigwa picha naye mmoja mmoja. Jairo alisikia, akaangalia chini. Ana watoto wa kulisha, na kazi Tukuyu haiokotwi njiani.

Andongwisye akaona bora aende mwenyewe. Alipofika ofisini akavua kandambili mlangoni, akaingia, akapiga goti kama alivyozoea.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Sema haraka, nasubiri simu."

"Bosi, ni yule tembo. Daktari alisema hawezi tena kupiga magoti."

"Alisema huenda." Amoni hakuinua macho kwenye simu yake. "Hata wewe huenda ukafa kesho, lakini leo umekuja kazini."

"Anaumwa, bosi. Na ni mzee. Kwa nini wageni wasimsalimie yeye?"

Hapo Amoni aliinua macho, akacheka mpaka kiti kikalia. "Mama, yule ni mnyama. Hana mkubwa wala mdogo. Mambo ya heshima ni ya watu. Haya, nenda kakate migomba."

"Ndaga, bosi," alisema Andongwisye, yaani asante, akainuka, akarudi kinyumenyume.

Alikuwa amekwisha kushika panga kibandani ndipo neno lile lilipomgonga. Marahaba! Aliitikiwa marahaba na Amoni! Huyu Amoni ni mtoto wa shemeji yake. Alimbeba huyu mgongoni wakati mama yake amelazwa pale hospitali ya Makandana. Alimfuta kamasi kwa kitenge chake, alimnyang'anya udongo mdomoni. Mbele ya ndugu humwita mama mdogo. Kazini humwita mama kama anavyowaita wauza karanga wa stendi, na yeye humpigia goti kila asubuhi na kumwamkia, na mtoto yule anapokea bila haya wala soni, jicho likiwa kwenye simu.

Na nani alimzoeza? Hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko yote. Hakuna aliyemgongea fimbo. Siku ya kwanza ya kazi aliogopa tu, akaona shikamoo moja haiui mtu, na kesho yake ikawa vigumu kuiacha. Andongwisye alikata mgomba kwa hasira hata panga likazama kwenye gogo la chini. Alimchukia Amoni, akalichukia bango, akawachukia wale baba wanaobeba watoto mabegani. Kisha akajichukia mwenyewe, na hapo machozi yakamtoka, nayo yakazidi kumkasirisha.

Jumapili manyunyu yalianza asubuhi na hayakukata. Mgeni rasmi alikaa chini ya turubai. Amoni alivaa suti ya rangi ya maziwa, na mkewe Doreen alikaa mstari wa mbele na viatu virefu. Kwaya iliimba, hotuba zikasomwa, kisha watu wakaletwa kwenye ukuta wa zizi.

Tembo alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma. Jairo aligonga zege, akaita bila kumtazama Amoni: "Salimia wageni!"

Tembo hakujongea. Amoni alimkazia Jairo macho. Jairo akagonga tena, kwa nguvu, akamtia ndoano nyuma ya goti. Tembo akatoka ukutani hatua moja, akaanza kuukunja mguu.

Lango dogo la kupitishia chakula likafunguka. Andongwisye aliingia na kitenge chake cha kazini, akapita mbele ya Jairo, akasimama uso kwa uso na tembo. Wote walidhani amekuja kumtuliza. Yeye akashuka akapiga magoti yote mawili juu ya zege, akainamisha kichwa.

"Mugonile, dada," alisema, yaani umelalaje, kwa sauti iliyofika mpaka turubaini. "Shikamoo."

Mguu wa tembo ukarudi chini. Mkonga ukanyooka, ukampekua begani na kiunoni, ukitafuta mgomba.

Upande wa pili wa ukuta, mama mmoja mzee wa kwaya alishuka kwenye matope. Hakuuliza anayesalimiwa ni nani. Mwenzako mtu mzima akishuka, wewe husimami ukamtazama kisogo. Wa pili akafuata, kisha kwaya nzima, sare zao nyeupe zikichovya tope. Doreen alitazama huku na huku, akavua viatu, akashuka naye. "Shikamoo!" walisema. Hakukuwa na wa kuitikia. Mtoto mmoja alifungua mdomo kusema marahaba, mama yake akamziba.

Amoni aliingia zizini kwa haraka, uso umemwiva.

"Mama mdogo," alinong'ona. "Inuka. Watu wanatazama."

Andongwisye alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Baridi ya zege ilikuwa imeingia mpaka kwenye mifupa, na mara ile akajua dada yake alikuwa akilala na maumivu gani miaka yote. Amoni akanyoosha mkono amvute. Hakuupokea.

"Kwanza msalimie."

"Nini?"

"Ni mkubwa kwako. Msalimie."

Amoni akaitazama sakafu. Ilikuwa na maji, na mkojo, na maganda ya migomba yaliyokanyagwa. Akaitazama suruali yake. Akageuka kumtafuta mgeni rasmi, akamkuta amesimama, kofia mkononi, akingoja. Mbele ya Andongwisye tembo alikuwa ameokota kipande cha mgomba, akitafuna, na miguu yote minne ilikuwa imesimama.