Mwonja Pipi Aliyeacha Kulalamika

Mwanamume akiacha kulalamika kuhusu chakula cha mkewe, majirani husema amepata akili. Mama Chiriku hakusema hivyo. Alimtazama mumewe akimaliza sahani ya maharage yaliyoshika chini ya sufuria, akamsikia anasema, "Matamu kweli leo," na palepale moyo ukamwambia: huyu ana mwanamke.

Tumwelewe jamani. Alikuwa ameishi na Baba Chiriku tangu wote wawili wana viuno vyembamba, na katika miaka yote hiyo haukupita mlo bila neno. Chumvi imepungua. Kitunguu umekitoa mapema. Haya mafuta yalikaa karibu na sabuni dukani. Na kilichokuwa kinaudhi zaidi ni kwamba mtu mwenyewe alikuwa anasema kweli. Ulimi ndio uliokuwa unamlisha. Alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha pipi, kazi yake kuweka pipi mpya mdomoni, kufumba macho na kusema nini kimezidi na nini kimepungua kabla mitambo haijaanza kumwaga magunia kwa magunia. Wenzake walimwita Bwana Ulimi. Mkewe, fundi cherehani mwenye chumba chake cha kushonea upande wa mbele wa nyumba, alikuwa na majina mengine ya kumwita, ila si mbele ya mtoto.

Basi mtu kama huyo akianza kusifia kila kitu, hata chai iliyopoa ikaota utando, lazima ujiulize. Mama Chiriku alijiuliza asubuhi, akajiuliza akitia uzi kwenye sindano, akajiuliza akimpima mteja kiuno hadi akakosea kipimo.

Siku moja aliacha maziwa jikoni akaenda kushona. Harufu ya kuungua ilimfikia mbele kabisa ya nyumba. Alikimbia, akamkuta mumewe ameketi hatua chache kutoka kwenye jiko, miguu ameinyoosha, maziwa yanamwagika na kufuka moshi.

"Wewe hunusi?" alimfokea.

Baba Chiriku aliruka kama aliyeamshwa. "Samahani mama, nilikuwa na mawazo."

Mawazo. Mawazo ya nani? Hilo hakulisema kwa sauti, ila alilisagia meno siku nzima.

Halafu mume akaingia jikoni mwenyewe. Hapo sasa ndipo mambo yalipochacha.

Ilikuwa Jumamosi. Alirudi kutoka kazini na mfuko wa pipi za majaribio, akasema anataka kuwatengenezea aiskrimu. Mwanamume ambaye hajawahi hata kuchemsha yai! Alifunga aproni ya mkewe, akapiga krimu kwenye bakuli mpaka ikasimama yenyewe, akaichanganya na maziwa mazito ya kopo. Pipi ngumu alizifunga katika vipande vya kitambaa alivyovichota kwenye kapu la mabaki ya kushonea, akazitwanga kwa mti wa kusukumia unga. Za njano katika kitambaa chake, za kijani katika chake, nyekundu kivyake. Chokoleti aliivunja kwa mikono. Tofi, Mungu amsamehe, alizikata kwa mkasi wa mkewe wa kukatia nguo.

"Mkasi wangu!" Mama Chiriku alipiga kelele mlangoni. "Mkasi wa kitambaa unakatia tofi?"

"Nitauosha."

"Utauosha! Unaoshwa huo?"

Binti yao, aliyepewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo, alikuwa amekaa juu ya meza akilamba kijiko na kushangilia. Baba alizimwaga zile pipi kwenye krimu, akakoroga polepole, akamimina kwenye chombo, akakifunika na kukiingiza kwenye friza. Alifanya yote hayo kwa uangalifu mkubwa mno, na mkewe akawa na hakika kwamba kuna mtu amemfundisha.

Jumapili baada ya chakula cha mchana aliwagawia. Ilikuwa nzuri, lazima tuseme. Ilikuwa laini, na kila kijiko kilikuwa na kitu cha kutafuna. Lakini mume mwenyewe hakuwa anakula. Alikuwa amewainamia kama askari anayechukua maelezo.

"Hiyo ya njano unaionaje?"

"Kama ndimu," alisema mkewe.

"Ndimu tu? Ukishameza hakubaki kitu?"

"Inabaki na uchungu kidogo."

"Na ya kijani?"

"Dawa ya meno tupu!" alidakia Chiriku.

Baba Chiriku alicheka, lakini midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayekariri. Jumapili iliyofuata mambo yalikuwa yaleyale, na iliyofuata pia. Aiskrimu mpya, pipi mpya, maswali yaleyale. Mtu ambaye zamani hakuhitaji maoni ya binadamu yeyote kuhusu ladha, sasa alikuwa anayaomba kwa mtoto.

Mama Chiriku aliupeleka moyo wake kwa shoga yake, msusi wa chumba cha jirani, ambaye alisikiliza huku akimvuta mteja nywele.

"Shoga, mwanaume haingii jikoni bure," alisema Msusi. "Huyo ana mtu. Tena huyo mtu anataka kufungua biashara ya aiskrimu, na wewe ndiye unayemwonjea."

"Acha wewe!"

"Na chakula chako kwa nini hakimkeri tena? Kwa sababu kwake siyo chakula. Amekula huko. Anakusifia ili usimuulize."

Mteja chini ya kitana alitikisa kichwa kukubali, akaambiwa atulie.

Maneno hayo yangeweza kupita kama upuuzi, kama Jumapili iliyofuata Mama Chiriku asingetoka nyuma ya nyumba kuanua nguo. Mumewe alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, simu sikioni, mgongo kwa mlango. Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mwanamke.

"Nyekundu ni nzuri, ila inachelewa," alikuwa anasema Baba Chiriku. "Mpaka uitafune sana ndiyo utamu unakuja. Ya zambarau inanata kwenye meno, halafu inakuwa kama sharubati iliyokaa."

Mama Chiriku aliganda na shuka mkononi. Sharubati iliyokaa! Yalikuwa maneno yake. Alikuwa ameyasema mezani muda mfupi tu uliopita, na sasa mumewe anampelekea mwanamke mwingine bila hata kubadilisha neno. Aliwahi kujiandaa kwa mambo mengi katika ndoa, lakini hakuwahi kufikiri angeibiwa maneno mdomoni.

Wiki nzima aliinyamazia simu ile. Alitaka kuuliza, na kila alipofungua mdomo, mumewe alimwahi na sifa. Mchuzi safi. Wali umeiva vizuri. Hongera mke wangu. Utamgombezaje mtu anayekuambia hongera? Alitamani lile neno moja baya la zamani, ili apate pa kuanzia. Angemtupia mwiko, angelia, angeuliza: nani yule? Na angejibiwa. Kilichokuwa kinamtesa ni kutokujua kama bado ana mume au ana mpangaji mwenye adabu.

Kwa hiyo Jumapili akasema, "Leo nagawa mimi."

Alipeleka mabakuli jikoni. La Chiriku akalijaza, lake akalijaza. La mumewe alilijaza pia, kisha akafungua kopo la chumvi. Akatia kijiko, akasita, akatia kingine kwa hasira. Akakoroga, akafunika juu kwa pipi zilizopondwa na chokoleti mpaka likapendeza kuliko mengine yote. Tutaona leo, alisema moyoni. Leo utalalamika, utake usitake.

Baba Chiriku alipokea bakuli, akachota kijiko kikubwa. Mkewe alibana pumzi. Alimwona akitafuna. Alimwona akimeza. Akachota kingine.

"Leo umeipatia," alisema. "Tamu kweli."

Mama Chiriku alihisi damu inampanda. Kumbe amefika mahali pa kumeza chumvi tupu ili tu asigombane? Huyo mwanamke ana thamani kiasi hicho? Mume aliendelea kula, kijiko baada ya kijiko, bila kukunja uso, na akafika karibu na nusu. Kisha Chiriku, ambaye hakuna bakuli la mwenzake ambalo hakuwahi kulivamia, alipeleka kijiko chake upande wa baba.

Alitema mezani. "Chumvi! Baba, ina chumvi! Inaunguza!"

Baba Chiriku aliangalia bakuli, akaangalia mezani, akacheka kicheko kisicho na sauti. "Najua. Nilikuwa namtania mama yako tu."

Lakini alikilamba kijiko tena, taratibu, kama anayetafuta kitu, na mkewe alimwona. Mtu anayejua hatafuti. Hapo vitu vyote vilimjia kwa pamoja: maharage yaliyoungua, chai yenye utando, maziwa yaliyofuka moshi mbele ya pua yake.

"Chiriku, nenda kamwonyeshe Msusi lile gauni."

"Gauni gani?"

"Lolote. Nenda."

Mtoto alipotoka, Mama Chiriku alivuta kiti karibu. "Husikii ladha."

Mumewe alikiweka kijiko mezani.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya wakati wa mvua," alisema, macho chini. "Nilipona, pua ikafunguka, ladha haikurudi. Harufu pia. Nikadhani itarudi kesho. Kila siku nasema kesho."

"Hata chumvi?"

"Hata chumvi. Ni kama natafuna karatasi."

"Na kazini?"

"Nawapelekea maneno yako. Nilimwambia mkuu wa kitengo cha kuchanganya pipi kwamba pipi nazionja vizuri zaidi nikiwa nyumbani, nimetulia. Jumapili ananipigia, namsomea mlichosema wewe na Chiriku. Nisingeweza kukuwekea pipi mdomoni na kukuuliza ina ladha gani, ungenishtukia. Ndiyo maana nikaleta habari ya aiskrimu."

"Huyo mkuu ndiye yule mwanamke?"

"Mwanamke gani? Ana wajukuu yule." Alimkazia macho. "Wewe ulidhani nini?"

Aibu ilimshika Mama Chiriku, na nyuma ya aibu ikaja hasira. "Kwa hiyo sifa zote zile! Mchuzi safi, hongera mke wangu! Mbona ulinifanyia hivyo?"

"Niliogopa kukosea. Nikisema chumvi imepungua kumbe imezidi, ungejua siku hiyohiyo. Ukimsifia mtu, habishi." Alifuta meza kwa kiganja. "Ningekuambia nini? Kwamba Bwana Ulimi hana ulimi? Kiwandani wakijua watanitoa. Na wewe hapa ndani umenizoea hivyo. Sina kingine ninachokijua."

Alisema hayo bila kulia, na ingekuwa afadhali angelia. Kisha, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake, alilivuta lile bakuli karibu. "Ngoja nimalizie hii, isiharibike. Ya kwako na ya mtoto ni nzuri, kuleni nyinyi. Kwangu mimi ni ileile."

Akachota. Kijiko hakikufika mdomoni. Mkewe alimnyang'anya bakuli, akaenda nalo kwenye sinki, akalimwaga lote, akafungulia maji na kuyaacha yakimwagika, yeye amempa mumewe mgongo. Chumvi ile aliitia mwenyewe, kwa mkono wake, na mtu aliila hadi nusu akamshukuru.

Jioni walipika pamoja, maana hakuna aliyetaka kukaa chumba kingine. Baba Chiriku alisema kesho asubuhi atamwambia mkuu yeye mwenyewe, kabla hajaulizwa, kisha aende hospitali, liwalo na liwe. Mkewe alisema kama ni kutolewa, cherehani ipo, na mkono wa kupiga pasi unahitajika. Hakuna aliyecheka sana.

Maharage yakaletwa mezani. Baba Chiriku alitia kijiko mdomoni, akatafuna. "Mata—" alianza kwa mazoea, akajikatiza. Alimgeukia mkewe.

"Yakoje?"

Mama Chiriku alionja, akafikiri vizuri, kama yule aliyekuwa akifanya kazi hiyo zamani. "Chumvi imepungua."

"Si nilijua!" Baba Chiriku alipiga meza. "Wewe na chumvi hamjawahi kuelewana! Tangu nikuoe nasema, itie maharage yakiwa yanachemka, usingoje yaive. Lakini nani ananisikiliza humu ndani?"

Chiriku alitoa macho, akangoja mama yake achemke kama zamani. Mama Chiriku alisogeza kopo la chumvi, akainamisha uso ili mtoto asimwone.

"Endelea," alimwambia mumewe. "Na kitunguu je?"